Birika la Ishaq

Nina hasira, na sitaki kuzificha. Pale Darsait, hapa Muscat, kwenye uwanja mpya uliozungukwa na mikahawa inayouza kikombe cha kahawa kwa bei ya chakula cha mchana, imesimamishwa nguzo ndefu kama nyumba ya ghorofa tatu. Imevimba mawingu tangu chini hadi juu, wingu juu ya wingu, na kileleni limekaa birika la chai. Sitanii. Birika la chai, lina mkono wake na mdomo wake na kifuniko chake, limepakwa rangi ya dhahabu, kubwa kiasi kwamba mtu mzima anaweza kujikunja ndani akalala. Wageni wanaoshuka melini Bandari ya Sultan Qaboos huletwa kulipiga picha, wanacheka, wanaondoka. Wana haki ya kucheka. Mwenye kidonda ni shangazi yangu, Bi Mwanakheri, ambaye nadhiri ya marehemu mumewe imegeuzwa kiroja mchana kweupe.

Shangazi alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, akaja Muscat na mumewe mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati watu wetu wengi walipokuwa wakirudi kwenye nchi ya babu zao ambayo wenyewe hawakuwahi kuitia machoni. Walikuja na sanduku moja na Kiarabu cha msahafuni. Kile cha sokoni walijifunzia sokoni. Yeye alipata kazi ya simu katika wizara moja, akakaa kwenye swichibodi mpaka alipostaafu, na hadi leo akipokea simu utadhani kuna waziri anasubiri upande wa pili. Mumewe, Ishaq, alikuwa na leseni ya udereva na mikono yenye nguvu, basi akapewa gari la maji.

Vijana waliozaliwa wakakuta bomba jikoni hawajui gari la maji lilikuwa nini. Nyumba za vilimani zilimngoja Ishaq kama watoto wanavyongoja mwezi wa Idi. Aliburura mpira ngazi kwa ngazi, akajaza tangi la huyu na pipa la yule, akateremka kanzu imelowa. Njiani, akiona vibarua wanavunja mawe juani, alikuwa akisimamisha lori, anafungua bomba la nyuma, wanakunywa mpaka wanatosheka. Tajiri wake alimgombeza kila wiki. Ishaq alikuwa na jibu moja tu: "Nkate mshahara, lakini mimi sintowapita." Alikatwa, na hakuwapita.

Na hapa lazima nieleze neno, maana balaa lote limetokana na neno. Kwetu sisi watu wa Unguja birika ni mawili. Kuna birika la jikoni, la kuchemshia maji ya chai. Na kuna birika la msikitini, lile hodhi kubwa la kujengwa ambalo watu huteka maji wakatawadha, na watoto wakitumwa kulisugua hugeuza kazi kuwa michezo mpaka wafukuzwe. Ishaq aliita birika hata lile tangi la lori lake. Nyumbani hakuna aliyewahi kuchanganya, kwa sababu ukisikia birika na anayesema ni Ishaq, unajua ni maji mengi. Aliyekuja kuchanganya ni mwanawe mwenyewe.

Lilipoingia gonjwa la Corona, mabarada ya maji yalifungwa. Nasema yale majokofu ya sadaka yanayowekwa nje ya misikiti na majumba, kila mpita njia ajinywee bila kuuliza. Walifunga ili watu wasiambukizane, na mimi sibishani na hilo. Lakini Ishaq, mzee tayari, alikuwa akikaa dirishani akiwaona vibarua wanafika kwenye barada la jirani, wanafungua bomba, halitoi kitu, na wanabaki wamesimama pale pale kana kwamba wakisubiri kidogo litabadili nia. Akawa anateremka na chupa za maji, Shangazi nyuma yake anapiga kelele avae barakoa. Labda ndiko alikoupata ugonjwa, labda siko. Alilazwa hospitali kifua kimembana, na hakuna aliyeruhusiwa kwenda kumwona. Nyumba nzima ikawa inaishi ndani ya simu ya Shangazi.

Siku moja ikaingia sauti yake, na nyuma yake mashine zinakoroma. Nimeisikiliza mara nyingi mpaka nimeihifadhi.

"Mwanakheri," anasema, "nnaweka nadhiri, na wewe shahidi yangu. Mwenyezi Mungu akintoa humu, ntasimamisha birika hapo njia panda, wapita njia wanywe. Wote. Usisahau, mke wangu. Birika."

Mwenyezi Mungu akamtoa. Alirudi nyumbani amekonda, anapumzika kila baada ya hatua chache, lakini alikwenda mwenyewe na fimbo yake mpaka njia panda kuchagua mahali. Kumbe kiwanja cha pale kilikuwa cha kampuni moja ya ujenzi iliyopanga kutengeneza uwanja wa mapumziko, na ruhusa ikawa ya njoo kesho. Katika hiyo kesho na keshokutwa moyo wake ukachoka. Kabla hajafariki alimshika mkono Maan, mwanawe wa pekee, mbele ya mkewe na mbele yangu, akamwambia, "Nadhiri yangu nnakuachia wewe. Birika, Maan." Maan akalia kama mtoto, akasema, "Inshallah, Baba. Ntalijenga."

Asiyejua nadhiri atasema, basi, mtu kafa, yamekwisha. Hayajaisha. Nadhiri ni ahadi baina ya mtu na Mola wake, na mwenyewe akifa hajaiondoa inabaki shingoni mwake mpaka warithi wake waiondoe. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa, na hivyo ndivyo Shangazi anavyoamini, tena si imani ya mdomoni. Tangu siku ile ya maziko, kila akimaliza kusali, utamsikia anazungumza na Ishaq kwa sauti ya chini, "Vuta subira, baba. Mwanao anashughulika." Chakula alikuwa anakidonoa tu. Alikuwa na jambo moja lililobaki duniani, na jambo lenyewe liko mikononi mwa Maan.

Maan ni mhandisi, na kwa bahati, au sijui niseme kwa bahati mbaya, ni mhandisi wa kampuni ile ile yenye kiwanja. Ni kijana mwema, nasema hilo mapema kabla sijamchambua. Kiswahili chake ndicho kilichobaki jikoni. Anajua majina ya vyakula na vyombo, anajua kubembelezwa na kukaripiwa, hayo mengine yote huyafanya kwa Kiarabu na Kiingereza. Simlaumu kwa hilo, wengi wetu watoto zetu ndivyo walivyo. Namlaumu kwamba hakuuliza. Mtu akikuachia neno moja tu la mwisho, unalichukua kwa mikono miwili unaligeuza huku na huku, unauliza maana yake hata kama unadhani unaijua.

Kiangazi cha mwaka juzi alimpeleka mama yake Ulaya, kwenye mji mdogo wenye chemchemi za maji ya moto za kutibu magoti. Watu wa huku Ghuba wanaujua, wakati wa joto wanaujaza. Walikwenda na Veneranda, anayemsaidia Shangazi nyumbani, mwanamke wa Muleba, Mkatoliki asiyekosa misa pale Ruwi, ambayo huku husaliwa Ijumaa, siku ya mapumziko, hata nyumba ikiwa na wageni kumi. Katikati ya mji ule kuna uwanja wa kale, na katikati ya uwanja kuna nguzo ya mawe iliyojengwa zama za wafalme wao. Shangazi alinisimulia, Veneranda akanisimulia, na picha nimeziona. Mawingu ya mawe yanapanda yakijisokota, ndani yake vimejaa vitoto vya malaika vinene, watakatifu wametupa mikono huku na huku na nguo zao zinapepea, na juu kabisa Bikira Maria na taji la nyota. Veneranda alipoiona alipiga ishara ya msalaba pale pale njiani, baiskeli nusura imgonge.

Mwenyeji aliyekuwa akiwatembeza akawaeleza. Zamani iliingia tauni katika mji, ikafagia nyumba baada ya nyumba, na waliosalia wakaweka nadhiri kwamba ikiondoka watajenga nguzo ya shukrani. Ikaondoka, wakajenga. Shangazi aliposikia hivyo machozi yalimtoka. "Watu wa Mungu hawa," alisema. "Wameahidi, wakatimiza." Hakuona sanamu pale, wala hakuona dini ya nani. Aliona watu waliofikwa na yale yaliyomfika yeye. Na chini ya nguzo kulikuwa na hodhi pana la jiwe, maji yanabubujika vinywani mwa simba wa mawe, watu wazima na watoto wanakinga chupa na kunywa.

Hapo Maan akapata wazo lake. "Mama, kama hii! Nimjengee Baba kama hii, na birika lake?"

Shangazi akalitazama hodhi lile, limejaa maji mpaka ukingoni. "Ee, mwanangu," akasema. "Kama hii khasa. Allah akujaze kheri."

Maan alikuwa akitazama juu, mama yake alikuwa akitazama chini, na kila mmoja akaondoka pale ameridhika.

Waliporudi, Maan akaiuza fikra yake kwa kampuni, na kampuni, iliyokuwa na uwanja lakini haina cha kupigwa picha, ikaipokea kwa shangwe. Nguzo haikuchongwa kwa mawe. Ilitengenezwa kwa faiba katika karakana moja huko Ghala, mtaa wa viwanda, baina ya wanyoosha bodi za magari, ikapakwa rangi ya jiwe. Malaika wakaondolewa, kwa kuwa huku hatusimamishi sanamu za viumbe barabarani. Watakatifu wakaondolewa. Bikira Maria, wacha kabisa. Mimi sisemi wangewabakiza. Ninachosema ni kwamba, ukitoa katika dua wote wanaoomba na yule anayeombwa, hebu niambie kinabaki nini. Yalibaki mawingu. Watoto wa Darsait, ambao hawana adabu lakini wana macho, waliiita nguzo ile Povu tangu siku ilipofikishwa kwa lori. Na juu ya povu hilo wakapandisha birika.

Siku ya kuifunua tulialikwa baada ya Alasiri. Viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, kuna maikrofoni, kuna tende na halua, nguzo imefunikwa shela la kijani. Shangazi alivaa abaya mpya, amejifukiza udi, uso wake umenawiri kwa namna ambayo sikuiona tangu Ishaq alipokuwa hai. Ndani ya mkoba alikuwa amebeba kikombe cha chuma, kile alichokuwa akinywea Ishaq kwenye lori. Alitaka kukinga maji ya mwanzo, anywe kwa niaba yake.

Shela likaanguka. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaona birika la chai linang'aa juu ya mawingu, nikadhani macho yangu yana kasoro.

Shangazi hakutazama juu hata kidogo. Aliinuka, akatoa kikombe chake, akaenda moja kwa moja kwenye nguzo, akaanza kuizunguka. Alikuwa anatafuta bomba. Alipapasa mawingu ya faiba kwa mkono wake wa kushoto, kikombe kiko mkono wa kulia, akapotea upande wa nyuma, akatokeza upande wa pili, akazunguka tena. Watu wa kampuni wakatabasamu, wakadhani bibi anafurahia kazi ya mikono. Nikiikumbuka picha ile ya mwanamke mzima anazungushwa na kikombe kitupu mbele za watu, bado damu inanichemka.

"Maan," akaita, "maji yako wapi?"

"Maji gani, Mama?"

"Maji ya birika."

Maan akacheka, maskini wa Mungu, akadhani anataniwa. Akanyoosha kidole juu. "Birika lile pale, Mama. Mashallah, linaonekana mpaka barabara kuu."

Hapo ndipo Shangazi alipoinua kichwa. Akaliona. Veneranda, aliyekuwa amemshika mkono, alisema kwa sauti aliyodhani ni ya kunong'ona, "Jamani! Wamemshusha Mama wa Mungu, wakapandisha birika la chai?"

"Baba yako," Shangazi akasema, na sasa ilikuwa ile sauti ya swichibodi, uwanja mzima ukasikia, "baba yako alikuwa dereva wa maji, Maan. Wa maji! Lini ulimwona anauza chai?"

Alisema kwa Kiswahili, basi wale wasiokijua wakadhani ni hotuba ya mjane. Kuna mtu alipiga makofi. Wallahi, alipiga makofi.

Nyumbani jioni ile palichafuka. Shangazi aliweka simu mezani, akamsikilizisha Maan sauti ya baba yake, wapita njia wanywe, akairudisha, wapita njia wanywe. Maan uso ulimbadilika, nilimwona. Lakini badala ya kusema nimekosa, akafanya wanavyofanya watu waliosoma sana wakibanwa, akatafuta neno kubwa la kujifichia.

"Mama, ile ni ramzi," akasema. "Ni alama tu. Birika ni ukarimu. Watu wanaangalia, wanaukumbuka ukarimu wa Baba."

"Ramzi inanyweka?"

"Si lazima kila kitu kinyweke, Mama."

"Nadhiri ya baba yako lazima inyweke! Kasema wanywe. Hakusema waangalie." Shangazi akaisukuma simu mbele yake. "Umemwachia baba yako kiu kaburini, ukampandishia birika tupu juu ya kichwa. Hata kama lingekuwa la dhahabu ya kweli."

Maan akaahidi kuzungumza na kampuni aweke barada dogo. Akazungumza. Tukangoja. Mwisho nikaenda mimi na Shangazi ofisini kwao, maana nimechoka kumwona anakimbilia simu kila ikilia. Akatupokea bwana mmoja mwenye marashi makali, akamwita Shangazi Hajjia kila baada ya maneno matatu. Barada, alisema, litaharibu mandhari. Tena likiwekwa, litakusanya vibarua, na uwanja ule umekusudiwa wateja. Akaongeza kwa upole, kana kwamba anatupa zawadi, kwamba labda wanaweza kuliweka nyuma, kwenye maegesho, ubavuni mwa mapipa ya taka.

"Tauni inaondoka, wewe unamshukuru Mungu kwa kuwafukuza wenye kiu?" Shangazi alimuuliza kwa Kiarabu. Bwana yule alitazama saa yake. Tukatoka, na kwenye lifti Shangazi akawa anafungua na kufunga mkoba wake.

Ikafika Juni. Anayejua Muscat ya Juni hahitaji kuelezwa, na asiyeijua hatoniamini. Kule barabarani karibu na uwanja walikuwa wanachimba mtaro, na saa za mchana ambazo sheria inakataza kazi za juani, vibarua walikuwa wakijibanza kwenye kivuli cha Povu, kwa sababu hapakuwa na kivuli kingine kisichohitaji kununua kahawa. Shangazi aliwaona kutoka dirisha lile lile la Ishaq. Akamwita Veneranda.

"Tia maji kwenye madumu, yale yenye kibomba. Na barafu yote iliyomo."

"Mama, jua hili litakuua. Magoti je?"

"Magoti nshayapeleka Ulaya. Yalla."

Shule zilikuwa zimefungwa, nami ni mwalimu, hivyo dereva nikawa mimi. Nilibishana naye njia nzima, na njia yenyewe fupi, na yeye alikuwa akinijibu, "Twende, Reem," kama anayemfukuza nzi. Veneranda akasukuma kigari cha sokoni chenye madumu mawili, Shangazi akatangulia na fimbo yake mpaka chini ya nguzo, akaweka kiti, akatoa vikombe vya chuma, akaanza kuwaita. Walisita kwanza. Kisha akaja mmoja, wakaja watatu, wakaja wote. Kwa kila kikombe alikuwa na sharti moja, alilisema kwa Kiarabu chepesi ambacho kila kibarua Muscat anakielewa: kunywa, kisha sema Mungu amrehemu Ishaq. Wakasema. Waislamu wakasema, Wahindu wakasema, na Veneranda kila anapojaza kikombe naye alisema, kisha akajipiga ishara ya msalaba kuhakikisha.

Mlinzi alikuja siku ya kwanza, akaondoka na kikombe cha maji. Siku ya pili alikuja ametumwa, akasema kwa aibu kwamba hairuhusiwi kugawa kitu uwanjani. Shangazi akamuuliza mama yake anaitwa nani, anaishi wapi, na kama anajua mwanawe anafanya kazi gani. Akaondoka tena. Tulikwenda kila siku. Usiku alikuwa halali kwa maumivu ya miguu, asubuhi ananiambia nisimwambie Maan. Wala haikuhitaji nimwambie, watu walikuwa wameshazirusha picha: bibi kizee anagawa maji chini ya birika lisilo na maji. Maneno waliyoandika chini ya picha zile sitayarudia, lakini niliyasoma yote na yalinifurahisha sana.

Basi kampuni ikampigia Maan simu akamwondoe mama yake. Siku hiyo alikuwa Ghala, akaja moja kwa moja kutoka huko. Aliegesha mbali, mbele pote pamejaa magari ya wateja, akatembea juani bila kofia, na alipotufikia uso ulikuwa umeiva na kanzu imemganda mgongoni. Alikuja ana hasira. Nilimwona midomo yake inajipanga kusema.

Hakuwahi. Kibarua mmoja, mtu wa makamo mwenye kilemba cha taulo, alimwona mtu anakuja amehemewa na jua, akamjazia kikombe kabla hajafika, akamwekea mkononi.

"Kunywa, bwana," akamwambia kwa Kiarabu chake cha kuokoteza. "Kunywa kwanza."

Maan akanywa. Angefanya nini, mwili haukumpa nafasi ya kujivuna. Alikimaliza kikombe chote, akajaziwa cha pili, akakimaliza.

"Sasa sema," yule mtu akamkumbusha. "Mungu amrehemu Ishaq."

Maan akabaki na kikombe mkononi.

"Sema, bwana. Maji haya ya Ishaq. Sisi wote tunasema." Na wenzake waliokaa chini wakaitikia, mmoja baada ya mwingine, kila mtu na lafudhi ya kwao. "Wewe humjui Ishaq?"

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa anajaza kikombe, hakugeuza kichwa.

"Mjibu mtu, Maan," alisema.

"Namjua," Maan akasema. "Namjua. Ni baba yangu."

Yule kibarua akamwangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. Akamwangalia Shangazi kitini, miguu imemvimba ndani ya makubadhi. Akamrudia Maan, na adabu yote aliyokuja nayo ikamtoka.

"Baba yako?" akasema. "Na wewe mzima hivi, mama ndiye anabeba maji?"

Maan aliinama akaweka kikombe juu ya kigari, akajifuta uso kwa mkono wa kanzu yake, na akakaa chini pale pale sakafuni miguuni pa mama yake, kanzu nyeupe na vumbi lote lile. "Mungu amrehemu Ishaq," akasema. Kisha akatoa simu, akampigia fundi bomba wake wa Ghala. Nilimsikia anamwambia alete paipu na mashine ya kuvunjia sakafu, na anataka hodhi la kujengwa, si barada. Kampuni itasema nini, nadhani fundi alimuuliza hivyo, maana Maan alijibu kwamba hilo ni lake yeye. Kisha fundi akauliza lingine.

"Mama, anauliza alijenge wapi," Maan akasema. "Naona kule nyuma, kwenye maegesho, wasije wakatuletea..."

"Nyuma?" Shangazi akapiga fimbo kwenye sakafu yao ya marumaru, chini kabisa ya nguzo, mbele ya mikahawa yote. "Hapa. Na mwambie aje leo hii. Baba yako kangoja vya kutosha."